Kila usiku namwambia mama kwamba niko salama

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba jina langu na la chuo changu visichapishwe.

Nina umri wa miaka 19 na niko mwaka wa kwanza wa masomo ya famasia katika chuo kilicho mbali sana na kwetu, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mimi ni mtoto wa kwanza, na ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Siku barua ya kuchaguliwa ilipofika, mama alilia kwa furaha, na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, aliomba aishike yeye, akawa anamsomea kwa sauti kila jirani aliyekuja kutupongeza. Nakueleza haya ili uelewe ni mzigo gani ninaoubeba ninapofikiria kurudi.

Wiki za mwanzo nililia kila usiku, lakini nilijiambia kwamba ni kawaida na kwamba yatapita. Muhula wa kwanza ulipofika katikati, machozi yalikoma, kikaja kitu kingine ambacho hata leo siwezi kukieleza vizuri. Naamka saa kumi usiku moyo ukinienda mbio, na usingizi haurudi tena. Asubuhi, wenzangu wanapojiandaa kwenda kwenye mihadhara, ndipo mwili wangu unapokuwa mzito, nikalala hadi saa nne au saa tano. Nimepungua. Kichwa na tumbo huniuma mara kwa mara, na katika zahanati ya chuo walinipima wasione ugonjwa wowote. Chakula nakichukua na kwenda kukila chumbani, kwa sababu kukaa peke yangu katikati ya ukumbi uliojaa watu wanaocheka kunaniumiza kuliko kukaa peke yangu nikiwa nimefunga mlango. Matokeo ya muhula wa kwanza yalikuwa mabaya kuliko yote niliyowahi kupata maishani, na masomo mawili nitayarudia.

Mwenzangu wa chumbani ni mtu mwema na ana marafiki wengi. Anasema kinachonizuia kuzoea ni simu. Ni kweli kwamba nazungumza na mama kila usiku, wakati mwingine hadi nasinzia na simu ikiwa sikioni. Anasema nikiacha kupiga kwa mwezi mmoja nitapona. Mhadhiri mmoja niliyemdokezea hali yangu aliniambia karibu maneno hayo hayo, kwamba chuo ni mahali pa kukua na kwamba anayetazama nyuma hafiki.

Lakini, Shangazi, mama hajui lolote. Kila usiku ananiuliza hali, nami namwambia niko salama, masomo yanakwenda vizuri, nimepata marafiki. Nimefikia hatua ya kuwabuni marafiki hao. Wana majina na wana habari zao, na mama huwaulizia mmoja mmoja. Mama ana shinikizo la damu, na daktari alimwonya asijipe wasiwasi. Naamini nikimwambia ukweli nitamuua. Tena yeye ni msomaji wa safu hii, ndiyo maana naogopa hata kuandika.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikidhani nitapumzika. Siku za mwanzo nilikuwa na furaha ya ajabu, kisha nikaanza kuona mambo madogo madogo. Chumba changu sasa ni cha mdogo wangu, nami nililala sebuleni. Walizungumza na kucheka juu ya mambo yaliyotokea nisipokuwapo, halafu wakanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Mama hakuniruhusu hata kuosha vyombo. Alisema nipumzike, maana mimi ni mwanachuo. Kabla likizo haijaisha nilikuwa nimeanza kuamka saa kumi usiku kule kule nyumbani. Niliporudi chuoni nililia tena, na safari hii sikujua nalilia nini.

Kuna chuo karibu na kwetu ambacho ningeweza kusoma nikilala nyumbani. Hakina famasia, kina kozi ya ualimu wa kemia na baiolojia. Maombi ya kuhama yanafungwa kabla ya mwisho wa muhula huu. Kuna siku naona kuhama ndiko kutakakoniokoa, na kuna siku naona nitakuwa nimewaangusha wote, hasa mdogo wangu, ambaye anasema atanifuata huku. Jambo pekee ninalolifurahia hapa ni maabara ya Alhamisi jioni, ambako tunafanya kazi wanne wanne, na huko nasahau kila kitu mpaka tunapoambiwa tutoke wafunge. Lakini maabara ni mara moja tu kwa wiki.

Wenzangu wote wamezoea. Ni mimi peke yangu niliyeshindwa, na sijui udhaifu huu nimeutoa wapi. Kuna usiku ninaotamani nilale nisiamke. Sisemi kwamba nitajidhuru, ila nimechoka. Je, niache kupiga simu nyumbani? Nihame? Nimwambie mama?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuniamini kwa mambo ambayo hujapata kumwambia mtu mwingine. Nimeisoma barua yako yote kwa utulivu, na kabla sijagusa habari ya simu, ya kuhama au ya mama, nataka tuzungumze kuhusu maneno uliyoyaweka karibu na mwisho, kana kwamba ni jambo la kupita tu.

Umesema kuna usiku unaotamani ulale usiamke. Nakuamini unaposema kwamba hukusudii kujidhuru, na najua kwamba mawazo ya namna hiyo huwajia watu waliochoka sana ambao hawataki kufa, wanataka tu maumivu yakome. Hata hivyo hayo si mawazo ya kubebwa na mtu mmoja. Naomba wiki hii hii, bila kungoja uamuzi wowote kuhusu chuo, umwendee mshauri nasaha wa wanafunzi au daktari, umwambie maneno hayo kama ulivyoniandikia mimi. Na ikitokea usiku mmoja mawazo hayo yakabadilika, ukajikuta unafikiria namna na wakati wa kujidhuru, usingoje kupambazuke. Mwamshe mwenzako wa chumbani, piga simu ya huduma za dharura, nenda hospitali. Mtu hahitaji kuthibitisha kwanza kwamba hali yake ni mbaya vya kutosha ndipo aruhusiwe kumwamsha mwenzake.

Utakapoonana na mtaalamu huyo, mweleze pia habari ya usingizi, ya kupungua mwili, ya kichwa na tumbo, na ya kujiona umeshindwa, yote kwa pamoja. Huenda kule zahanati ulitaja tumbo tu, wakapima tumbo tu. Wataalamu wa afya ya akili huanza kufikiria sonona mtu anapokuwa na huzuni, au anapopoteza hamu ya mambo, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu na kujiona hufai. Sisemi kwamba unayo, kwa kuwa barua haimpimi mtu. Ila dalili ulizonitajia zinatosha kumfanya mtaalamu akuulize zaidi, na sonona inatibika, na tiba yake haiulizi unasoma chuo gani. Naitanguliza habari hii kwa sababu mtu aliyelemewa hivyo huona kila njia imefungwa, na ningependa uamuzi mkubwa kama wa kuhama uufanye ukiwa umelala usingizi wa kutosha kwa siku kadhaa.

Sasa nieleze nilivyokuelewa. Uko mbali na kwenu kwa mara ya kwanza, umeacha kulia lakini hujapata kuishi hapo ulipo, na mwili umeanza kusema yale ambayo mdomo unayanyamazia. Wawili unaowaheshimu wamekushauri ukate mawasiliano na nyumbani. Kuna njia ya kurudi, lakini mlango wake unakaribia kufungwa, na kuipita ni kuiacha kozi yako na, kwa unavyoona, kuvunja matumaini ya watu. Katikati ya yote hayo yuko mama, ambaye unazungumza naye kila siku na ambaye hajui.

Tuanze na wenzako, unaosema wote wamezoea. Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima kuhusu maradhi ya watu walio mbali na kwao. Miongoni mwa aliowaeleza alikuwamo kijana aliyetoka Bern kwenda kusoma Basel, umbali wa kilomita 100 hivi, akadhoofika mpaka watu wakawa wanamwombea dua kwa kuona kwamba anakufa. Alipoambiwa kwamba atarudishwa kwao alianza kupumua vizuri, na nafuu yake ikaongezeka akiwa bado njiani. Nimekutajia kijana huyo ili ujue kwamba mwili wa mwanafunzi umekuwa ukilalamikia umbali kwa karne nyingi, na kwamba waganga wa zamani walilichukua jambo hilo kwa uzito, wala hawakuliita udhaifu. Tukija karibu na siku zetu, mwaka 2018 watafiti wa mradi wa Shirika la Afya Duniani walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapatao 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8, na takriban mmoja kati ya kila watatu alikuwa na historia ya angalau tatizo moja la afya ya akili miongoni mwa yaliyopimwa, kama sonona, wasiwasi uliopindukia au matumizi mabaya ya pombe. Matatizo hayo hayakuletwa yote na kuishi mbali na nyumbani, na wengine walianza kuwa nayo wakiwa bado kwao. Lakini hebu urudi kwenye ule ukumbi wa chakula unaoukimbia, uhesabu watu wa meza moja, kisha uniambie kama bado unaamini kwamba ni wewe peke yako. Wanajificha, mwanangu, na wewe unajua vizuri jinsi mtu anavyojificha, kwa sababu hata mama yako anaamini kwamba wewe ni mmoja wa waliozoea.

Imani hii ya kuwa peke yako ina madhara yake. Mwaka 2011 wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen walieleza jaribio walilolifanya katika chuo kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya wanafunzi waliowatangulia, waliosema kwamba nao mwanzoni walihisi chuo si mahali pao, na kwamba hisia hiyo ilipungua kadiri muda ulivyopita. Shughuli yote ilichukua saa moja hivi. Kwa wanafunzi weusi, ambao ni wachache katika chuo hicho na ambao shaka ya kukubalika huwaelemea zaidi, alama za masomo ziliendelea kuwa bora kwa miaka 3 iliyofuata zikilinganishwa na za wenzao ambao hawakuyasoma. Ugumu wa chuo ulibaki pale pale. Walichokipata ni kujua tu kwamba ugumu huo haumaanishi kuwa wamekosea mahali. Unapoketi peke yako ukajiambia kwamba umeshindwa, unajinyima fursa hiyo, kwani aliyeshindwa hana la kujaribu tena, ilhali anayepita katika kipindi kigumu anaweza kuuliza waliotangulia walipitaje. Je, yupo mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wa famasia unayeweza kumuuliza swali hilo?

Kuhusu simu, mwenzako wa chumbani hakulitoa wazo lake hewani. Vincent Tinto, mtaalamu wa elimu wa Marekani aliyechunguza sana sababu za wanafunzi kuacha chuo, aliandika katika miaka ya 1980 kwamba mwanafunzi hupitia hatua ya kujitenga na jamii alizotoka ndipo aingie katika jamii mpya ya chuo. Wazo hilo lilienea sana. Lakini watafiti wengine walilipinga, hasa kwa kuwatazama wanafunzi ambao familia na jamii zao ndizo zilizowasukuma hadi chuoni, na baadaye Tinto mwenyewe alikubali kwamba kwa wanafunzi wengi kudumisha uhusiano na kwao ni sehemu ya kinachowawezesha kubaki chuoni. John Bowlby na Mary Ainsworth, waliochunguza uhusiano wa mtoto na mlezi, walionyesha jambo la karibu na hilo: mtoto huthubutu kwenda mbali na kuchunguza mambo mapya pale anapojua kwamba mlezi wake yupo, na kwamba akiumia anaweza kumrudia. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba simu ya kila siku ni ugonjwa, wala kwamba kuikata ni dawa.

Ninachojiuliza ni kitu gani kinachopita katika simu hiyo. Unampigia mama kila usiku, naye kila usiku anazungumza na binti asiyekuwapo, mwenye marafiki wasiokuwapo. Yeye anakata simu akiwa ametulia, nawe unabaki kitandani na yale ambayo hukuyasema, ukiwa na kazi ya ziada ya kukumbuka jana uliwasema vipi marafiki wa kubuni. Ukiwa na mtu wa kukusikiliza kila siku kisha humpi nafasi ya kukusikia, unakosa faraja ya kuwa naye na pia faraja ya kuwa mbali naye, kwa kuwa mtu aliyejitenga kabisa angalau hana wa kumficha. Nadhani hapa ndipo pagumu zaidi katika barua yako. Kilomita zilizopo kati yenu zimekuweka mbali na nyumba. Huku kusema kwamba uko salama kumekuweka mbali na mama, na kumekufuata hata ulipolala sebuleni kwenu.

Hebu tuitazame likizo ile kwa jicho hilo. Uliyahesabu yaliyoonyesha kwamba wanakuona mgeni: chumba, vicheko, vyombo. Mabadiliko hayo ni ya kweli na yanauma, na huwapata wengi wanaorudi, kwa sababu nyumba haisimami kumngoja aliyeondoka. Lakini nawe ulirudi ukiwa umeficha nusu ya mwaka wako. Wao walikueleza habari zao polepole, wewe zako hukuwaeleza kabisa. Inawezekana kwamba mama alikukataza vyombo kwa sababu alimwona mwanachuo aliyefaulu anayestahili kupumzishwa, kwa kuwa huyo ndiye pekee aliyepata kusikia habari zake. Sikulaumu hata kidogo. Nauliza tu kama kilichokuamsha saa kumi usiku nyumbani ni kile kile kinachokuamsha chuoni, na kama ndivyo, ni kiasi gani cha tatizo kitakachobaki nyuma ukihama, na ni kiasi gani utakachosafiri nacho.

Hofu yako kuhusu afya ya mama naiheshimu. Shinikizo la damu si la kuchezewa, na habari ya kushtua inaweza kulipandisha kwa muda. Lakini ugonjwa huo hudhibitiwa kwa dawa na kwa mwenendo wa kila siku, na watu wengi wenye nao hupokea habari ngumu za watoto wao, wakahuzunika, wakaendelea kuishi. Je, daktari alisema asiambiwe mambo ya watoto wake, au maneno hayo umeyaongeza wewe kwa kumpenda? Anatumia dawa zake? Nani huwa naye mchana? Jambo jingine la kupima ni kwamba ukweli una njia nyingi za kumfikia. Anaweza kuupata katika karatasi ya matokeo, au katika simu ya mtu mwingine siku utakapozidiwa, na mshtuko wa namna hiyo unaweza kuwa mkubwa kuliko wa kusikia sauti yako mwenyewe ikimweleza polepole.

Ukiamua kumwambia, huna haja ya kumwaga yote kwa siku moja. Chagua mchana, wakati ambapo hayuko peke yake, na anza na lile linaloweza kumpa kazi ya kufanya, kwa mfano: "Mama, silali vizuri na masomo yamenilemea. Nimekwenda kumwona mshauri. Sitaki unitatulie, nataka tu ujue, na ukiniuliza hali niwe nakujibu kweli." Habari ya marafiki wa kubuni inaweza kungoja siku nyingine. Lakini ujiandae pia kwa majibu usiyoyataka. Anaweza kuingiwa na hofu akataka kuja kukuchukua kesho yake. Anaweza kukuambia uvumilie, kwa sababu yeye mwenyewe amevumilia mengi. Anaweza kukasirika kwamba ulimficha. Mengi ya hayo hupungua baada ya siku chache, lakini siwezi kukuahidi, na ndiyo maana nimesisitiza uwe umeshapata mtu wa kuzungumza naye hapo chuoni kabla ya kupiga simu hiyo. Na kwa kuwa umesema anasoma safu hii, nimeondoa mambo machache katika barua yako ili, kama utaamua ajue, azisikie habari zako kutoka kwako.

Kama simu zitaendelea, fikiria kuzisogeza hadi jioni mapema. Simu inayoishia usingizini hukufanya ulale ukiwa na mawazo ya nyumbani, na kitandani si mahali pazuri pa kuanzia kukumbuka. Kuamka kila siku saa ile ile, hata baada ya usiku mbaya, na kutoka nje upate mwanga wa asubuhi, huusaidia mwili kuirudisha saa yake mahali pake. Kulala hadi saa tano huusogeza usingizi wa usiku unaofuata.

Unasema hupati pa kuyasema haya, lakini umeniandikia barua ndefu na iliyo wazi. Mwaka 1990 mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake waliwaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike kwa dakika 20 kwa siku 3 mfululizo kuhusu hisia zao za kuingia chuo. Waliofanya hivyo walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida, ingawa kukumbuka nyumbani hakukuisha. Kwa kweli walikiri kukumbuka zaidi. Kuna watu wanaopata nafuu kwa kuandika, na huenda wewe ni mmoja wao.

Sasa kuhama. Ualimu wa kemia ni kazi yenye heshima, na sitaki uupime kama adhabu ya kushindwa famasia. Nimeona, hata hivyo, kwamba katika barua yote hukuandika kama unaupenda, wala hukuandika kama unaipenda famasia, isipokuwa pale ulipotaja maabara ya Alhamisi. Kuishi nyumbani kungekurudishia sauti za watu wako na mikono ya kukushika ukiugua. Kungeweza pia kukuletea mengine: kazi za nyumbani zisizojali ratiba ya mitihani, safari za kila siku, na ugumu wa kupata marafiki chuoni unapolazimika kuondoka baada ya kipindi cha mwisho. Tena, ukihama bila kumwambia mama sababu, utahitaji uongo mpya wa kuelezea kuhama.

Njia ya pili ambayo hukuitaja ni kuahirisha masomo kwa muda kwa sababu za kiafya, jambo ambalo vyuo vingi vinaliruhusu. Hiyo humpa mtu nafasi ya kutibiwa bila kupoteza kozi. Hatari yake ni kwamba miezi isiyo na ratiba, katika nyumba ambayo chumba chako kimeshapata mwenyewe, inaweza kuongeza upweke badala ya kuupunguza, hasa kama hakuna mpango wa matibabu huko.

Na kubaki je? Kubaki kama ulivyobaki hadi sasa, ukiamka saa kumi na kula chumbani, sikushauri hata kama utauita uvumilivu. Lakini kuna kubaki kwa namna nyingine, ambako mtaalamu anajua hali yako, mama anajua, walimu wa yale masomo mawili wanajua, na wale watatu wa maabara wameombwa jambo moja dogo. Hukuniambia majina yao, na nina hakika hao ni wa kweli. Umesema mnaachana mlango unapofungwa. Wao huenda wapi baada ya hapo? Mara nyingi urafiki wa chuoni huanza na watu wanaofanya kazi pamoja mara kwa mara, kabla ya mazungumzo ya moyoni, na wewe umeshapata hiyo nusu ya kwanza. Unaweza kuwauliza kama wangependa kurudia masomo pamoja siku nyingine moja ya wiki, au kula pamoja Alhamisi hiyo hiyo. Wanaweza kukataa. Hata hivyo, kuomba hivyo hakukulazimishi kuwa mchangamfu kama mwenzako wa chumbani, jambo ambalo nadhani umekuwa ukijilazimishia bila sababu.

Mdogo wako naye ana haki ya kuwa na dada anayemwambia kweli. Sasa hivi anajiandaa kukufuata mahali ambapo hakuna aliyemweleza palivyo, na siku atakapolia usiku wake wa kwanza ugenini atadhani kwamba ni yeye peke yake, kama ulivyodhani wewe.

Tarehe ya kufungwa kwa maombi isikufanye ukimbilie jibu. Kuomba kuhama si kuhama. Nenda ofisi ya usajili uulize kama maombi yanaweza kuondolewa baadaye bila kukuathiri, kama alama ulizokwisha kupata zitatambuliwa kule, kama unaweza kurejea famasia endapo ualimu hautakufaa, na kuahirisha kunagusaje ufadhili wako na nafasi yako ya bweni. Andika majibu yao, umwonyeshe mshauri utakayemwona wiki hii. Ukipenda, nitumie na mimi, uniambie pia mama alisemaje, tuendelee kutoka hapo.

Ni mimi Shangazi yako